Kabla ya Kufungua Chuo: Kozi ya Mtaani, VETA, Mtandaoni au Kukaa Steshenari?

Mtihani wa kidato cha sita huanza mapema Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu vingi hufungua Oktoba au Novemba. Katikati hapo kuna miezi ambayo nyumbani hawajui wakupangie nini, nawe hujui uitumieje. Wengine huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013, na hao hurudi likizo ikiwa imebaki kipande. Wanaobaki nyumbani husikia neno moja kutoka kwa kila mjomba na kila shangazi: "Kasome kompyuta."

Ushauri ni mzuri, ila umekatwa nusu. Kompyuta ipi, wapi, na ya kufanyia nini? Bango la kwanza unalokutana nalo ukitoka stendi ndilo huishia kuchukua pesa ya mzazi. Hapa nazilinganisha njia nne ambazo vijana wa Tanzania wanazo kweli: kituo cha kompyuta cha mtaani, kozi fupi za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na taasisi kubwa, kujifunza mwenyewe mtandaoni, na kukaa steshenari kama msaidizi. Hiyo ya mwisho haimo kwenye bango lolote. Nitaitetea kuliko nyingine, na kasoro zake nitazitaja.

Kipimo kimoja kwa wote

Ili nisipendelee, nazipima zote kwa kazi moja, ya aina ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kabla hajajua hata njia ya kwenda maktaba. Umepewa mada. Andika kurasa nane. Ziwe na ukurasa wa yaliyomo unaojitengeneza wenyewe, jedwali moja la takwimu, chati moja iliyotoka Excel, na rejea sita kwa mtindo wa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo. Namba za kurasa zianzie baada ya jalada. Geuza PDF, ipakie kwenye mfumo wa chuo kabla ya 11:59 PM. Hiyo ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Ukiisoma kwa haraka kama saa kumi na moja, unaamka alfajiri kukuta mfumo umefungwa.

Itazame tena kazi hiyo. Nusu yake tu ndiyo kompyuta. Nusu ya pili ni kutafuta maandiko sita ya kuaminika, kuyasoma kwa Kiingereza, kuyaelewa, kisha kusema jambo lako mwenyewe bila kunakili. Mjomba hakuitaja nusu hiyo, na ndiyo inayowaangusha wengi.

Kituo cha mtaani

Unakijua: chumba juu ya duka la vipodozi, kompyuta kumi na kitu, na orodha ndefu mlangoni ya Windows, Word, Excel, PowerPoint, Access, Publisher na Internet. Access na Publisher zimo kwa sababu zilikuwemo tangu bango la kwanza kuchorwa. Microsoft yenyewe imetangaza kuachana na Publisher Oktoba 2026, na sijaona mhadhiri wa mwaka wa kwanza aliyeomba kazi iliyoandikwa humo.

Lakini tusikidharau. Kama umesoma shule ambayo chumba cha kompyuta kilifunguliwa siku ya mgeni rasmi tu, hapa ndipo pa kuanzia. Kuna mtu pembeni yako wa kumuuliza swali ambalo kwingine ungeona aibu kuliuliza. Kuna kibodi halisi na kipanya halisi, na kuna wenzako wanaodonoa herufi kama kuku kwenye uwanja wa mtama, kwa hiyo hakuna wa kukucheka. Mtu ambaye hajawahi kuwasha kompyuta husonga mbele haraka hapa kuliko mbele ya video yoyote.

Tatizo ni namna ya kufundisha. Somo huenda kwa vitufe: hiki cha kukoleza, hiki cha kupigia mstari, hiki cha kubadili rangi. Wiki ya mwisho mnatengeneza kadi ya harusi. Unatoka ukijua kupamba maandishi, wala hujaambiwa kwamba kichwa cha habari unakipa mtindo wa Heading 1 badala ya kukikuza kwa mkono, na kwamba bila hilo ukurasa wa yaliyomo hautajitengeneza. Kwa kipimo changu, mhitimu wa kituo cha kawaida anaandika kurasa nane vizuri tu, kisha anakwama kwenye yaliyomo, kwenye namba za kurasa na kwenye rejea. Nusu ya pili ya kazi hajaigusa kabisa.

Cheti nacho nikiseme wazi, maana wazazi wengi hulipia hicho: hakikuingizi chuo kikuu. Udahili hutazama ufaulu wako wa masomo. Kiweke kwenye bahasha kwa siku ya kuomba kazi, lakini usikubali kiwe sababu ya kuchagua kozi ndefu kuliko unayohitaji.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya ukiwa umesimama: kila mwanafunzi ana kompyuta yake au mnakaa wawili? Umeme ukikatika, kipindi kinafidiwa? Ada ya mtihani na ya cheti imo ndani au itatajwa mwishoni? Usajili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, upo? Swali la mwisho peke yake hupunguza orodha ya vituo vya mji mzima.

VETA na taasisi kubwa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu anayefaa hapa mara nyingi anajijua. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina kozi fupi za kompyuta kwenye baadhi ya vituo vyake, na Dar es Salaam kuna kituo cha Kipawa mahsusi kwa TEHAMA. UCC, kampuni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo hutoa kozi fupi, ikiwa na matawi katika miji kama Dodoma, Arusha na Mwanza. Halafu kuna ICDL, mtihani wa kimataifa wa stadi za kompyuta, uliopangwa kwa moduli: misingi ya kompyuta, mtandao, uandishi wa nyaraka, majedwali ya hesabu, na kuendelea.

Ubora wake ni mpangilio. Silabasi ipo, mtihani upo, na mwalimu hawezi kuruka mada kwa sababu hajaipenda. Kasoro yake ni kalenda. Kozi zina tarehe zake za kuanza ambazo hazijali lini umemaliza mtihani, na huenda ukaikuta ya mwezi ujao imejaa. Ukiwa Nachingwea au Kasulu, ongeza nauli na mahali pa kulala. Kama unakwenda kusoma uhasibu au takwimu na mzazi ana uwezo, moduli ya majedwali ya hesabu peke yake inatosha kuhalalisha safari. Kwa anayekwenda kusoma sheria au Kiswahili, sioni haraka hiyo.

Mwenyewe, kwa bando lako

Mtandaoni kuna kila kitu, na hilo ndilo tatizo la kwanza. Ukitafuta somo la Excel, unapewa video elfu moja, na saa ya kwanza inaishia kwenye kuchagua.

Niwachagulie. Kwa misingi ya kompyuta, GCFGlobal: bure, Kiingereza chepesi, na masomo mengi yana maandishi pamoja na picha, kwa hiyo hayali bando kama video. Kwa hesabu za kuziba mapengo, Khan Academy. Kwa nusu ile ya pili, yaani kusoma kwenyewe, kuna kozi ya Barbara Oakley na Terrence Sejnowski ndani ya jukwaa la Coursera kuhusu namna ubongo unavyojifunza. Imekuwepo tangu 2014 na bado sijaona iliyo bora kwa mtu anayeingia chuo. Na kama mtandao kwenu ni wa kuwinda juu ya kichuguu, tafuta programu ya Kiwix, pakua Wikipedia siku moja ukiwa mjini penye Wi-Fi, kisha usome nyumbani bila bando.

Kasoro ni mbili, na zote nzito. Ya kwanza ni kifaa. Wengi husema "najifunza kompyuta" huku mkononi wameshika simu. Kwenye simu utaelewa fomula ya Excel inavyofanya kazi, lakini vidole vyako havitaijua. Kuandika kurasa nane ni kazi ya kibodi, na kibodi huzoeleka kwa mazoezi ya kila siku: vidole vya shahada juu ya F na J, pale penye vinundu, macho kwenye kioo.

Ya pili ni kwamba hakuna anayekusubiri. Uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard kwenye jukwaa la edX, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa katika mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa takribani asilimia 3 ya waliojiandikisha. Hao ni watu waliojiandikisha kwa hiari yao, wengi wakiwa na intaneti ya uhakika. Ukijijua kuwa ni mtu wa kuanza Jumatatu na kuacha Alhamisi, usijidanganye kwamba likizo hii itakubadilisha.

Steshenari

Sasa hii. Nenda kwenye steshenari yenye kazi nyingi karibu na ofisi ya halmashauri, au bora zaidi karibu na geti la chuo, mwombe mwenye nayo ukae kama msaidizi. Huenda akakulipa nauli na chai tu. Kaa.

Siku ya kawaida pale ina barua ya kuomba kazi, wasifu wa mtu asiyejua aanzie wapi, ratiba ya mazishi inayotakiwa kabla ya mwili kufika, orodha ya michango ya harusi yenye majina mia mbili na jumla inayopaswa kulingana, vyeti vya kuskani na kupunguza ukubwa wa faili ili mfumo uvikubali. Ikifika msimu wa mikopo, unajaza maombi ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) ya vijana wenzako siku nzima: unaona nani amekosea namba ya mtihani, nani cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Ya kwako utaijaza umefumba macho.

Mteja anasimama nyuma ya bega lako. Hakuna mwalimu anayekusukuma hivyo. Kasi ya kuchapa inapanda bila kuitafuta, na hofu ya mashine inaisha, kwa sababu printa ikigoma wewe ndiye fundi wa kwanza. Na kama uko karibu na chuo, jioni wanakuja wanafunzi na kazi ya kikundi kwenye flashi, namba za kurasa zimevurugika, wanataka ichapwe sasa hivi. Ukiweza kuwanyooshea hiyo, umeshafaulu nusu ya kipimo changu kabla hujadahiliwa.

Kasoro sasa. Steshenari hufundisha tabia mbovu kwa ufasaha mkubwa: kusogeza kichwa katikati kwa kubonyeza nafasi mara ishirini, kufika ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mpaka ufike, kuandika yaliyomo kwa mkono na nukta zake zote. Inafanya kazi mpaka mtu aongeze aya moja, kila kitu kinahama. Flashi za wateja huja na virusi. Mwenye duka naye anaweza kukugeuza wa kutumwa maji na vocha, kwa hiyo ndani ya wiki ya kwanza utajua kama unakaa kwenye kompyuta au kwenye benchi.

Lililo baya kuliko yote ni kwamba wapo watakaokuomba uwaandikie kazi zao kwa malipo. Kuchapa kilichoandikwa na mtu ni biashara halali. Kumtungia ni jambo jingine, na vyuo vinavyotumia programu kama Turnitin kukagua maandishi yaliyonakiliwa havimuulizi nani alichapa. Ukianza chuo na mazoea hayo, umejiandaa kwa kitu kingine kabisa.

Kuhusu nusu ya pili ya kipimo, steshenari inatoa sifuri. Hakuna mteja atakayekufundisha kusoma.

Ile nusu ambayo haiuzwi

Shuleni mwalimu aliandika notisi ubaoni, ukanakili, ukakariri, ukafaulu. Chuo unapewa slaidi chache na orodha ya vitabu, mhadhiri anaondoka. Hapo ndipo linapoingia desa: karatasi za mwaka jana, majibu ya mwaka juzi, muhtasari uliofotokopiwa mpaka herufi zimefifia. Watu hudesa usiku wa kuamkia tesiti na wapo wanaopona. Lakini kwenye vyuo vingi kozi weki ni alama 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, na anayeingia UE na desa pekee mara nyingi hukutana na supu, yaani mtihani wa marudio.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti za mbinu kumi za kujisomea. Mbili ndizo walizozipa daraja la juu: kujitahini, na kuyatawanya masomo kwa siku nyingi badala ya kuyarundika. Kurudia kusoma na kupaka rangi mistari, ambavyo ndivyo wengi wetu tunaviita kupiga msuli, viliangukia chini.

Zoezi la kulijenga hilo wakati wa likizo ni rahisi na halina ada. Kila wiki tafuta makala moja ya kitaaluma ya fani unayoombea kupitia Google Scholar, ile yenye PDF ya bure pembeni. Isome. Ifunge. Andika nusu ukurasa wa unachokumbuka, kwa Kiingereza, bila kuchungulia. Fungua tena uone ulichoacha. Siku tatu baadaye jiulize tena mwandishi alidai nini na alithibitisha vipi. Makala ya kwanza itakutesa, hasa msamiati, na nusu ukurasa wako utakuwa mistari minne. Ni kawaida.

Nusu ukurasa huo uandike kwenye Word, na makala yenyewe iingize kwenye Zotero, programu ya bure iliyotoka mwaka 2006, ambayo hupanga rejea na kuzipachika ndani ya maandishi kwa mtindo unaoutaka. Wanafunzi wengi huigundua mwaka wa tatu, wakiandika ripoti ya utafiti, baada ya kupanga rejea kwa mkono miaka miwili. Kama kompyuta haina Word halali, LibreOffice ni bure na mitindo ya vichwa inayo.

Na ChatGPT? Itumie ikuulize maswali juu ya makala uliyokwisha kuisoma. Usiitume ikutafutie rejea: huweza kutunga kichwa cha makala, mwandishi na mwaka kwa kujiamini kabisa, na mhadhiri akiitafuta makala hiyo haipati.

Kwa hiyo uchague ipi

Ukizitazama kwa pesa, steshenari ndiyo nafuu kuliko zote, mtandaoni inafuata (bando si bure, na kifaa kinahitajika), kituo cha mtaani ni cha kati, taasisi kubwa ndizo ghali. Ukizitazama kwa msukumo, steshenari inaongoza tena, na mtandaoni inakuwa ya mwisho kabisa. Kwa usahihi wa unachofundishwa, taasisi kubwa ziko mbele, GCFGlobal haiko mbali, na steshenari inavuta mkia. Kwa nusu ya pili ya kipimo, mtandaoni peke yake ndiko kunakotoa chochote, tena ukiwa na nidhamu.

Asiyewahi kushika kipanya: mwezi mmoja kituo cha mtaani, Windows, Word na Excel tu. Kataa kulipia orodha nzima ya bango. Vituo vingi hukubali ukijadiliana. Baada ya hapo hamia steshenari.

Anayejua kuandika na kutuma barua pepe: usilipe ada popote. Steshenari asubuhi, makala moja kwa wiki jioni, na GCFGlobal kusahihisha tabia mbovu ulizookota mchana.

Anayeingia fani za hesabu, biashara au takwimu, na familia ina nafasi: VETA, UCC au ICDL kwa upande wa Excel, ukiulizia tarehe mapema, hata kabla ya mtihani wa Mei.

Anayetoka JKT na wiki chache mkononi: kozi yoyote utaianza hutaimaliza. Azima kompyuta, jipe mada, ifanye kazi ile ya kurasa nane kuanzia mwanzo hadi PDF. Ukikwama, tafuta jibu la pale ulipokwama tu. Kisha ichukue kwa mtu aliye mwaka wa pili akuonyeshe alama ingekatwa wapi.

Mzazi anayetaka kununua kompyuta mpakato badala ya kulipia kozi: sawa, lakini angalia namba ya kichakataji (prosesa) kabla ya kulipa. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa modeli chache, kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu. Zile ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotumika za Kariakoo ni imara, ila i5-7200U ni kizazi cha saba na i5-8250U ni cha nane, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. RAM isipungue GB 8, diski iwe SSD. Muuzaji akikuwashia, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe hapohapo.